Mgeni wa Siku Mbili Ndiye wa Kuunusuru Mji Mkongwe

Utalii wa Zanzibar umepangwa kwa ajili ya mtu anayekaa wiki nzima ufukweni. Ndege inamshusha Kiembe Samaki, gari la hoteli linampokea, na baada ya saa moja na ushei yuko Nungwi, Kiwengwa au Paje, ambako atakula, atalala na kuogelea mpaka siku ya kurudi kwao. Mji Mkongwe huonyeshwa harakaharaka, asubuhi moja, pengine siku ileile ya kuelekea uwanjani. Lakini yuko msafiri mwingine, anayevuka bahari Ijumaa alasiri na kurudi Jumapili: mfanyakazi wa Dar es Salaam aliyemaliza wiki yake, walimu waliochangishana nauli, maharusi wenye fungate fupi, wazazi wanaotaka watoto waione Unguja kwa mara ya kwanza. Huyu hapangiwi kitu. Anazunguka Forodhani usiku, anapanda boti kwenda Changuu kutazama kobe, anapiga picha mlangoni pa nyumba ya watu, na siku zake zimekwisha. Hoja yangu ni kwamba msafiri huyu, pamoja na mwenzake wa Mombasa na Nairobi, na pamoja na Mzanzibari mwenyewe wa Fuoni au Wete ambaye hajaingia makumbusho tangu alipokuwa mwanafunzi, ndiye anayeweza kuunusuru mji wa kale na majumba yaliyouzunguka, kuanzia Mtoni kaskazini hadi Chukwani kusini. Mipango ianze na yeye.

Tuangalie kwanza hali ya biashara yenyewe. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki tano. Mwaka uliofuata, korona ilipofunga anga za dunia, idadi ilishuka chini ya laki tatu, na kwa miezi kadhaa hoteli zilikaa na vitanda vilivyotandikwa bila mtu wa kulala. Kufikia 2024 idadi ilikuwa imepanda hadi zaidi ya laki saba, na furaha ya kupanda huko ni ya haki, kwa sababu nyuma ya kila mgeni kuna mpishi, dereva, mvuvi na muuza matunda. Hata hivyo somo la 2020 halijafutika. Uchumi unaotegemea ndege kutoka Ulaya husimama siku ndege hizo zinaposimama, na sababu ya kusimama haiombi ruhusa Zanzibar. Ng'ambo ya maji, mwendo wa saa mbili hivi kwa boti, kuna jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabu kuwa na watu zaidi ya milioni tano, ilhali Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, ilikuwa na watu wapatao milioni moja na laki tisa. Soko kubwa kuliko sisi wenyewe liko mlangoni, linazungumza lugha yetu, linatumia shilingi yetu, na halihitaji viza.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wetu hawalitumii, nalo limo ndani ya kalenda. Masika huanza Machi na kuishia Mei, na katika miezi hiyo hoteli nyingi za ufukweni hupunguza wafanyakazi au hufunga kabisa, kwa kuwa mgeni wa jua hana haja na mvua. Sasa tazama sikukuu zetu. Tarehe 7 Aprili ni Siku ya Karume, 26 Aprili ni Muungano, 1 Mei ni ya wafanyakazi, na Pasaka huangukia humohumo, mwishoni mwa Machi au ndani ya Aprili. Yaani wakati ambao mgeni wa mbali hayupo ndio wakati ambao mwananchi amepewa mapumziko mfululizo na serikali yake. Ni kweli kwamba mvua kubwa hujaza maji vichochoro na kuichafua bahari. Lakini mji wa mawe hautegemei jua kama ufukwe unavyolitegemea. Kuna makumbusho, misikiti, kanisa kuu la Mkunazini, hamamu ya Hamamni, maduka ya mafundi, ua wa Ngome Kongwe, na kahawa ya barazani ambayo hunoga zaidi kukiwa na baridi. Mpango wa masika wa Mji Mkongwe, wenye bei iliyoandikwa kwa shilingi na kutangazwa Bara kuanzia Februari, ungeweza kuwabakisha kazini watu ambao leo hurudishwa nyumbani kila mwaka.

Sababu kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni nyumba zenyewe. Nyumba ya Mji Mkongwe hujengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya mji ule ni virefu na vyembamba, kama mita tatu tu kutoka ukuta hadi ukuta. Ncha za boriti huingia ndani ya ukuta. Paa likianza kuvuja na lisizibwe, maji hushuka polepole ndani ya ukuta mpaka yakazifikia zile ncha, na hapo ndipo boriti huanza kuoza, mahali ambapo jicho halifiki. Mwenye nyumba huona doa la unyevu, kisha plasta inayobanduka, kisha ukuta uliotoka tumbo kuelekea uchochoroni. Mara nyingi hujaribu kulitibu tatizo kwa saruji, nayo saruji huziba unyevu ndani badala ya kuuacha upumue kama chokaa inavyofanya, na maradhi huongezeka chini ya plasta mpya inayong'aa. Kazi ya kuzuia yote hayo ni ndogo: kukagua paa kabla ya mvua, kuzibua mabomba ya maji, kupaka chokaa kila baada ya miaka michache. Ni kazi ndogo ila haikomi, na kazi isiyokoma hutaka kipato kisichokoma.

Tulishaonyeshwa gharama ya kuchelewa. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883 na likawa la kwanza katika eneo letu kuwashwa taa za umeme, lilistahimili mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Halikustahimili miaka ya kusubiri. Sehemu yake ilikatika 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kulikarabati, upande mkubwa wa mbele uliporomoka na kuua watu wawili. Lile lilikuwa jengo mashuhuri kuliko yote, lenye wafadhili na macho ya dunia. Nyumba ya kawaida ya Kiponda au Sokomuhogo, yenye wapangaji wanaolipa kodi ndogo, au warithi kumi na wawili waliotawanyika kati ya Muscat, Dar na Toronto, haina mfadhili wala mwandishi wa habari wa kuitazama. UNESCO iliuandika Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na heshima ile imesaidia mengi, lakini orodha haipaki chokaa. Anayeipa nyumba ya aina hii sababu ya kukarabatiwa mwaka hadi mwaka ni mtu anayelala ndani yake kwa malipo, au anayenunua dukani chini yake. Mgeni wa wiki ufukweni hafanyi hivyo. Mgeni wa siku mbili hana pa kulala ila mjini, hana pa kula ila kwa mama wa urojo, muuza pweza na hoteli ndogo ya pilau, na hana gari la hoteli la kumtenga na mtaa.

Sasa nije Chukwani, maana pale ndipo mpango ninaouzungumzia unapopata umbo. Wengi wanaijua Chukwani kwa Baraza la Wawakilishi na kwa chuo kikuu. Wachache wanajua kwamba ndiko Zanzibar ilikoanza kwenda kupumzika. Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga pale jumba mapema katika utawala wake, juu ya ufuko, mahali ambapo upepo wa bahari ulisemwa kuwa unaponya. Mtu aliyeugua au aliyechoka alipelekwa Chukwani kupunga hewa. Mwaka 1879 Sultani aliamuru itandikwe reli nyembamba, ya futi mbili tu, kutoka kwenye jumba lake la mjini hadi huko, mwendo wa maili saba hivi. Mwanzoni mabehewa yake mawili yalikokotwa na nyumbu; mwaka 1881 ikaagizwa injini ndogo ya mvuke Uingereza. Reli ya Mombasa kwenda Uganda ilikuwa bado miaka kumi na tano mbele. Barghash alipofariki reli iling'olewa na injini ikauzwa kama chuma chakavu. Jumba kubwa nalo lilibomolewa baadaye, yakabaki majengo madogo yaliyokuwa ya utumishi. Kisa kama hiki, cha reli iliyotangulia reli zote za Afrika Mashariki na iliyojengwa kwa ajili ya mapumziko mafupi, kingekuwa mikononi mwa mji mwingine, kila mtoto wa shule angekijua.

Na Chukwani haikuwa peke yake. Kaskazini mwa mji kuna Mtoni, jumba la Sultani Seyyid Said, alikozaliwa binti yake Sayyida Salme mwaka 1844, yule ambaye kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886 ndizo zilizolifanya jumba lile lijulikane duniani. Kuna Maruhubi, lililoungua 1899 na kuacha nguzo zake. Juu ya kilima kuna hamamu ya Kidichi ya mwaka 1850, aliyojengewa mke wa Kiajemi wa Seyyid Said. Hayo ya kaskazini angalau yanapata wageni wa viungo wanaopitishwa njiani. Njia ya kusini ndiyo iliyoachwa, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito zaidi. Kabla hujafika Chukwani unapita Mbweni, ambako misheni ya Kianglikana ya UMCA ilinunua ardhi mwanzoni mwa miaka ya 1870 na kujenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, kanisa, na skuli ya wasichana ambayo magofu yake yamesimama hadi leo. Mbweni pia aliishi John Kirk, balozi wa Uingereza aliyembana Barghash mpaka akatia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 wa kufunga soko la watumwa la Mkunazini. Ukiendelea na barabara hiyohiyo ya kusini unafika Fumba, alikozaliwa Siti binti Saad karibu na mwaka 1880, katika ukoo wenye asili ya utumwa. Msichana yule wa Fumba aliyekuja mjini kuuza vyungu ndiye aliyesafiri mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi nyimbo za taarab kwa Kiswahili. Bombay hiyohiyo ndiko Barghash alikopelekwa uhamishoni 1859, alipojaribu kumpindua kaka yake Majid, na ndiko alikojifunza sura ya mji mkubwa aliotaka kuujenga nyumbani. Mfalme, mkombozi, aliyekombolewa na mwimbaji wako katika barabara moja fupi, inayomalizika kwa gari kabla ya adhuhuri.

Tukitaka kuona jambo hili likitendeka, tusitazame Ulaya. Tutazame Ahmedabad, mji wa Gujarat ulioanzishwa mwaka 1411, katika jimbo ambalo wafanyabiashara na mafundi wake walichangia sana kuijenga Zanzibar. Milango yetu yenye misumari ya shaba inasema hivyo yenyewe. Mji wa ndani wa Ahmedabad, kama wetu, ni wa vichochoro na nyumba za zamani zinazochakaa, ambazo wenyewe wengi walihamia mitaa mipya ng'ambo ya mto. Mwaka 1997 manispaa ilianzisha jambo dogo sana: matembezi ya asubuhi kwa miguu, yanayoanzia hekalu la Swaminarayan la Kalupur na kuishia Msikiti wa Ijumaa uliokamilika 1424, yakipita ndani ya mitaa wanamoishi watu, yakiongozwa na waongozaji waliofunzwa, kwa kiingilio ambacho mkazi wa kawaida anakimudu. Halikuhitaji jengo jipya. Lilihitaji saa maalumu, njia maalumu na bei maalumu, kisha kuendelezwa bila kukatishwa. Mhindi wa Mumbai au Delhi anayefika kwa wikendi moja anajua asubuhi yake itaanzia wapi. Miaka ishirini baadaye, 2017, Ahmedabad ukawa mji wa kwanza wa India kuandikwa na UNESCO kuwa Mji wa Urithi wa Dunia. Sidai kwamba matembezi peke yake ndiyo yaliyofanya hivyo, wala kwamba nyumba zote za kule zimepona. Ninachosema ni kwamba wenyeji walifundishwa kwanza kuupenda mji wao, na dunia ikafuata. Sisi tuliandikwa 2000, na bado mtu wa Dar akishuka bandarini Malindi hukutana na mapapasi, wale waongozaji wasio rasmi, kabla hajakutana na ramani.

Watakuwepo wa kusema kwamba mgeni wa siku mbili hana fedha. Hesabu hii ina ukweli ndani yake: matumizi ya mfanyakazi wa Dar kwa usiku mmoja hayafiki ya Mtaliana wa Kiwengwa. Ila hesabu hiyo imekatwa katikati. Mtaliana amelipia safari yake kwao, kwa kampuni ya kwao, na sehemu kubwa ya fedha ile haijavuka bahari kamwe. Mtu wa Dar hulipa mkononi, hapahapa, kwa mtu anayeishi hapa. Mtaliana huja mara moja katika maisha. Mtu wa Dar akiridhika atarudi Iddi, atarudi kwenye tamasha la Sauti za Busara mwezi wa Februari, atarudi na mama yake. Na tena hakuna anayetaka mmoja amfukuze mwingine. Ufukwe ubaki na wageni wake. Kinachotakiwa ni mji nao upate wa kwake, badala ya kula makombo ya ufukwe.

Hofu ya pili ni nzito zaidi, nayo inatoka kwa wakazi. Mji Mkongwe ni makazi ya watu, wenye swala tano, mazishi, watoto wa chuo na wazee waliokaa barazani. Watu hawa wameshachoshwa na wageni wasiojisitiri na makundi yanayopiga picha ndani ya nyua zao. Kuwaongezea umati mwingine kila wikendi kunaweza kuonekana ni dhuluma. Nawaelewa, na sitaki hofu yao ipuuzwe. Lakini tuulize ni mgeni yupi aliye rahisi kuambiwa neno likamwingia. Mgeni wa Kiswahili ukimwambia hapa pana msiba, atapunguza sauti na kutoa pole. Ukimwambia jisitiri, wengi wao watajifunga kanga bila kuuliza sababu, kwa kuwa wametoka katika nyumba zenye adabu hizohizo. Anaweza kukosea, na wako wanaokuja kwa ulevi na vurugu, hao wazuiwe kwa sheria kama mtu mwingine yeyote. Tena njia ya Mbweni na Chukwani itausaidia mji kupumua, kwa sababu itawatoa watu katika zile barabara tatu nne za Shangani na Hurumzi ambako wote hubanana sasa, na kuwapeleka kusini kwa nusu siku. Na kiingilio kikipangwa sawasawa, fungu lake lirudi mtaani kwa mifereji na taa. Mkazi anayeona mfereji wa uchochoro wake umezibuliwa kwa fedha za matembezi atakuwa na sababu ya kuyatetea.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Kwa nini nchi iliyofanya Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964 ihangaike na mahali pa kupumzikia masultani? Majumba yale yalijengwa kwa utajiri wa karafuu na wa biashara ya binadamu. Soko lilifungwa 1873, lakini hadhi ya kisheria ya utumwa iliendelea Zanzibar hadi 1897, kwa hiyo mikono iliyobeba maji na mawe katika majumba mengi ilikuwa ya watu wasiolipwa. Kuyapamba majumba hayo na kuwauzia watu ndoto ya malkia na marashi ni kuwatukana waliofia ndani yake. Ninakubaliana na kila neno la hoja hii, isipokuwa hitimisho lake. Ukilibomoa jumba au kuliacha liporomoke, unafuta ushahidi dhidi ya mwenye jumba pia. Mtoto wa skuli hawezi kuelewa utumwa kwa kuambiwa tu kwamba ulikuwa mbaya. Anaelewa akioneshwa Mkunazini, pale kanisa lilipojengwa juu ya soko na sanamu za watumwa zimesimama shimoni na minyororo shingoni, kisha akapelekwa Mbweni akaona skuli walimosomea wasichana waliokombolewa, kisha akafikishwa Chukwani akaona alikopunga upepo mwenye nchi katika miaka ileile. Hapo mambo hayo matatu yanaelezana. Ni vyema pia tukakumbuka kwamba historia ya Unguja haikuanza na masultani hao wa Kibusaidi. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 1107, na Dunga kulikuwa na jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji. Wikendi ya pili ya mgeni yuleyule iende huko.

Lipo na pingamizi la mafundi, kwamba magofu ni hatari na hayapaswi kupokea watu kabla ya kutengenezwa. Ni sawa. Kisichokaguliwa kisifunguliwe. Ila kulifunga gofu na kulisahau hakulifanyi liwe salama, na kuanza hakuhitaji mamilioni ya dola: uzio, kibao chenye maelezo kwa Kiswahili, njia iliyofyekwa, mlinzi mwenye kijitabu cha risiti, na mkaguzi wa kuta kila baada ya masika.

Ninachokiomba kinajulikana na ofisi zinazohusika zipo. Wizara ya Utalii na Mambo ya Kale, Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe na manispaa zikae pamoja zitengeneze ratiba rasmi ya siku mbili: Jumamosi asubuhi matembezi ya Mji Mkongwe kwa Kiswahili, yenye saa na bei isiyobadilika, Jumapili asubuhi basi la Mkunazini, Mbweni, Chukwani na Fumba, linalomrudisha mgeni bandarini kabla ya boti ya mchana. Waongozaji wachukuliwe kwanza katika vijana wa mitaa hiyo, na wale mapapasi wanaotaka kusomeshwa wasomeshwe, maana wengi wanaujua mji kuliko vitabu. Tiketi iwe ya shilingi, iwe moja kwa sehemu zote, na wanafunzi wa Unguja na Pemba wasilipe. Mahesabu ya mapato na ya chokaa iliyonunuliwa yabandikwe hadharani kila mwaka. Kuhusu majengo yaliyobaki ya jumba la Chukwani, yapimwe, yachorwe, na yaelezwe kwa kibao barabarani hata kabla hayajafunguliwa, na njia ya reli ya Barghash iwekewe alama kila inapojulikana ilipita. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi hupita eneo hilo wakienda kwenye vikao, na kikao cha bajeti huwa Mei na Juni. Nawaomba katika kikao kijacho wamuulize waziri fungu la kazi hii ni kiasi gani na litaanza lini. Nawe msomaji wa Dar, Tanga, Mombasa au Pemba, usisubiri jibu lao: tafuta sikukuu moja ya Aprili, lala ndani ya Mji Mkongwe, mlipe mwongozaji wa mtaa, na umwambie akupeleke kusini.